Risala ya Wanakikundi wa Yoga kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kimataifa ya Yoga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Mwalimu Mkuu wa shule inayotupa ukumbi huu,
Waheshimiwa viongozi wa dini, wazazi wetu na wanakikundi wenzangu,

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha hapa Tanga tukiwa wazima. Tunakushukuru nawe kwa kuitikia wito wetu siku hii ya 21 Juni, ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2014 kwa pendekezo la India, na ikaanza kuadhimishwa mwaka 2015.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, risala hii inamhusu mwalimu wetu. Yeye mwenyewe hakutaka tumsome mbele za watu, lakini sisi tumeona usipomjua yeye hutajua kikundi hiki ni cha nini.

Mwalimu wetu ni fundi cherehani. Alikaa kwenye cherehani ya miguu miaka 19, mpaka kiuno kikakaza na mkono wa kulia ukawa unakufa ganzi usiku. Alipokwenda kwa dada yake Nairobi kupumzika, jirani akampeleka kwenye darasa la yoga. Darasa hilo la kwanza lilimwumiza. Aliyekuwa akifundisha alimkandamiza mgongo kwa viganja ili ainame zaidi, na kwa siku mbili hakuweza kunyanyuka kitandani bila kushikwa mkono. Wengi wetu tungeishia hapo. Yeye alitafuta darasa jingine, akampata mwalimu mpole, akakaa naye, na hatimaye akamaliza mafunzo ya ualimu ya saa 200.

Huko ndiko alikosikia habari za B.K.S. Iyengar, mwalimu wa yoga wa India, na hadithi yake hatuchoki kuisikia. Mzee huyo alizaliwa mwaka 1918 katika kijiji cha Bellur, kusini mwa India, wakati wa janga la mafua. Utoto wake ulikuwa malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Shemeji yake, Krishnamacharya, alimfundisha yoga kule Mysore, na mwaka 1937 akatumwa Pune kufundisha wengine, akiwa kijana asiyefika hata miaka 20. Kwa kuwa yeye mwenyewe aliujua mwili unaogoma, aliwapa wanafunzi wake vya kuegemea: kiti, mkanda, kamba, blanketi, kipande cha mbao. Alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 95.

Mwalimu wetu aliporudi nyumbani hakuwa na uwezo wa kununua vifaa hivyo. Mkanda wetu ni kanga iliyokunjwa. Mbao tulichongewa na fundi seremala wa hapa mtaani kwa mabaki ya mninga. Viti ni hivi vya wanafunzi mnavyoviona.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ungemwona anavyofundisha. Hasimami mbele akahesabu. Anapita kati ya mikeka pekupeku, anaangalia. Jicho lake bado ni la fundi nguo: atakwambia bega lako moja limepanda kama mshono uliovutwa uzi, na kweli ukijitazama unaona limepanda. Wapo hapa mabibi wenye magoti mabovu, vijana wa bodaboda wenye migongo iliyopigwa na barabara, na mzee wetu aliyekata mkonge tangu ujana. Wote tunafanya mkao mmoja wa mti, lakini kijana anasimama kwa mguu mmoja katikati ya ukumbi, na bibi ameshika ukuta, kidole gumba cha mguu wa pili kikiwa bado sakafuni. Mwalimu anasema hakuna fundi anayekata kitambaa kabla ya kupima. Hamgusi mtu bila kumwomba ruhusa. Akisikia pumzi yako imekatika, anakurudisha nyuma hatua moja hata kama wewe unajiona hodari.

Lipo pia suala la dini, nasi hatulifichi. Yoga imetoka India na ina mizizi yake katika imani za huko. Wapo waliotuuliza kama tunaabudu. Mwalimu hakubishana na mtu. Alikwenda kwa shehe, akaenda kwa mchungaji, akawaomba waje wakae nyuma ya ukumbi waangalie darasa zima. Hapa hatuimbi wala hatuchomi ubani. Tunanyoosha viungo na kuvuta pumzi kwa utulivu, na swala ikifika darasa linasimama. Hata mkao wa mwisho, ambao kwa jina lake la asili ni mkao wa maiti, mabibi waliukataa jina. Mwalimu akawasikiliza. Sisi tunauita mapumziko.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunayo maombi mawili. La kwanza ni mikeka ya mpira. Mikeka yetu ya ukili inateleza juu ya saruji, na mwenzetu mmoja ameshaanguka. La pili ndilo kubwa kwetu: mwalimu ni mmoja. Alipofiwa, ukumbi ulifungwa wiki tatu, na baadhi ya wagonjwa wetu wa mgongo walirudi walikotoka. Tunao vijana wawili, wa kike na wa kiume, ambao yeye mwenyewe amewapendekeza wakasomee ualimu huu. Tumeanza kuchangishana nauli. Ada hatuiwezi peke yetu.

Kabla ya kukukaribisha uzungumze, tumekuwekea kiti mstari wa mbele, karibu na dirisha, ufanye nasi dakika kumi. Viatu utavua. Mwalimu atakuja kukuuliza wapi panakuuma, nasi tunakuomba umwambie kweli.

Naomba kuwasilisha.