Mbwa wa sleji: kamba haisukumi

Ndugu Mhariri,

Mtoto wa kaka yangu aliye Arusha alinitumia kwa simu ukurasa wenu wa barua, ule ambamo msomaji mmoja alilalamika kwamba mbwa wanaovuta sleji (kigari kisicho na magurudumu, kinachoteleza juu ya theluji kwa mbao mbili ndefu) huko Alaska wanapigwa ndipo wakimbie, akaomba watu wasitazame tena mashindano yao. Mkamwekea na picha ya mbwa sita, ndimi nje. Naishi Fairbanks, Alaska. Nilifika 2021 kumfuata mke wangu aliyekuja kusoma chuo kikuu, na kwa misimu miwili ya baridi kazi yangu ilikuwa kuzoa kinyesi cha mbwa 38 na kuwakatia nyama iliyoganda kwa shoka. Naomba nafasi nimjibu mwenzangu, ingawa sikuja kumtetea kila mtu.

Kwanza nijitambulishe vizuri. Nimekulia Mbulu. Tangu nina miaka tisa nilikuwa mtu wa mbele kwenye plau, nikiongoza maksai, baba akishika plau na kaka akiwa na fimbo. Mnyama wa kulazimishwa namjua. Maksai ukiacha kumhimiza anasimama palepale, anainamia majani, anakojoa, anasubiri jua lizame kama unavyolisubiri wewe. Sijapata kuona maksai aliyekuja mwenyewe asubuhi kuingiza shingo kwenye nira.

Asubuhi ya kwanza niliyofunga mbwa kwenye sleji ilikuwa nyuzi 22 chini ya sifuri. Nilipotoka stoo na rundo la mikanda begani, banda zima lililipuka. Yale hayakuwa mabweko, yalikuwa mayowe, kama ya wanafunzi walioambiwa wamefunga shule wiki moja mapema. Wengine wakapanda juu ya vibanda vyao, wakawa wanarukaruka hadi minyororo inalia. Nilidhani wanaumia. Tajiri wangu akacheka, akaniambia nianze na yule jike mweusi wa mbele. Mkanda niliushika juu chini. Akauangalia, akaniangalia mimi, nilipougeuza akaingiza kichwa mwenyewe, akainua mguu mmoja, akainua wa pili, akasimama kunisubiri nimalize. Sleji ilikuwa imefungwa kwenye mti kwa kamba nene, na nanga ya chuma imekanyagiwa kwenye theluji, yote hayo ili mbwa wasiondoke kabla ya watu. Tulipofungua ile kamba, kelele zikakatika kama redio iliyozimwa. Zikabaki pumzi zao na sleji inayokwaruza.

Wiki ya tatu nilidondoka kwenye kona. Niliwapigia kelele wasimame kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, mwishoni kwa Kiiraqw. Hakuna aliyegeuka. Nilitembea kilomita nne usiku, kope zimeshikana kwa barafu, hadi nikawakuta getini kwa tajiri wamejiviringisha kwenye kamba zao, wanaonekana wamefurahi sana. Sasa namuuliza mwenzangu wa Tanzania: kama wanakimbia kwa kuogopa kipigo, na mpigaji yuko chali kwenye theluji kilomita nne nyuma, nani alikuwa anawakimbiza?

Ule ulimi wa kwenye picha nao usimtishe mtu. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, joto lake hulitoa kwa kuhema. Hawa si mbwa wakubwa, wengi wana kilo 20 hadi 25, lakini kwenye mbio ndefu mmoja anaweza kula kalori 10,000 kwa siku, mara nne ya mtu mzima, sehemu kubwa ikiwa mafuta. Kinachowasumbua ni joto kuliko baridi. Nyuzi tano juu ya sifuri, siku ambayo mimi ninavua koti, kwao ni siku ya kulala.

Anayeelewa mambo haya hatazami ulimi, anatazama kamba. Kila mbwa ana kamba yake inayotoka kiunoni hadi kamba kuu ya katikati. Ikikaza, anavuta. Ikilegea, anakimbia tu, amechoka, anaumwa, au hataki. Na kamba huvuta, haisukumi, kwa hiyo huwezi kukaa nyuma ya mbwa kumi na wanne ukawalazimisha wote. Machi 2019 Nicolas Petit alikuwa akiongoza Iditarod, mashindano ya karibu kilomita 1,600 kutoka eneo la Anchorage hadi Nome. Amewaacha wenzake kwa saa kadhaa, anaelekea kijiji cha Koyuk kwenye pwani ya Bahari ya Bering, mbwa wake mmoja akawa anamsumbua mwenzake. Petit akamkemea kwa ukali. Basi, kundi zima likagoma. Aliwalisha, akawapumzisha, hawakutaka kuvuta tena, na mbio zikamwishia hapo. Mtu anayeongoza mashindano makubwa kuliko yote ya kazi hii aliambiwa hapana na mbwa, na hakuwa na la kufanya.

Watu wa hapa wakifika hapo kwenye hadithi hunyamaza, watalii wanapiga picha, wanalipa, wanaondoka. Mimi ndipo ninapoanza kuwa na maneno.

Yule jike mweusi nilimpa jina la Shangazi, kwa sababu mbwa wadogo walipocheza ovyo kwenye mstari alikuwa akigeuka kuwakaripia. Alikuwa na miaka tisa. Siku moja tulipomvua viatu (ndiyo, wanavalishwa vijifuko vya kitambaa kila mguu, vinne kwa kila mbwa, fikiria kuvalisha mbwa kumi na wanne vidole vikiwa vimekufa ganzi) niligundua bega limemvimba. Alikimbia kilomita 50 nalo hivyo bila kuchechemea hata hatua moja, kamba imekaza mwanzo mwisho. Nilipolibonyeza akafumba macho. Tangu siku hiyo neno "wanapenda" likija bila maelezo linanikera. Shangazi alipenda kukimbia kiasi kwamba asingeniambia basi. Mgomo kama ule wa mbwa wa Petit hutokea mara chache. Walio wengi, ukiwaacha, watavuta hadi waharibike, na ndiyo maana kwenye Iditarod kuna mapumziko ya lazima, moja la saa 24 na mawili ya saa nane, na madaktari wa mifugo kwenye vituo wanaowapima mbwa na kuandika kwenye daftari la kila kundi. Sheria hizo zimewekwa kuwabana watu, kwa sababu mbwa hawezi kujiwekea.

Hata zikiwepo, wanakufa. Mwaka 2024 walikufa watatu kwenye mashindano hayo. Madaktari waliopitisha kamera tumboni kwa mbwa waliomaliza mbio walikuta karibu nusu wana michubuko au vidonda vya tumbo. Machi 2025 theluji ilikosekana kule kusini, mbio zikahamishiwa kwetu Fairbanks. Nilisimama kando ya mto Chena nikawaona wakiondoka na mayowe yaleyale ya furaha, nikiwa na mambo yote mawili kichwani. Bado ninayo.

Lakini kama mwenzangu anatafuta mahali pa kulazimishwa, ninamwonyesha. Ni kwenye mnyororo wa kama mita mbili, na duara la udongo uliokanyagwa hadi ukawa mgumu kama sakafu. Msimu wa kukimbia ni mfupi, na majira ya joto mbwa yule yule aliyeumbiwa kwenda anazunguka nguzo. Kwa tajiri wangu walifunguliwa kwa zamu kwenye uwanja wa uzio, ila nimefika mabanda ambayo hawafunguliwi. Pili, ni kwenye daftari la hesabu. Roald Amundsen, mvumbuzi wa Norwe, alipokwenda Ncha ya Kusini mwaka 1911 aliondoka kambini na mbwa 52 na kurudi na 11. Wengi waliuawa njiani kwa hesabu iliyopigwa mapema, wakawa chakula cha mbwa wenzao na cha watu. Walikuwa wamevuta vizuri sana. Mwaka 2010 huko Whistler, Kanada, Olimpiki ya majira ya baridi ilipopita na watalii kupungua, mbwa wa sleji waliuawa kwa wingi, na mwaka uliofuata wachunguzi wakafukua mizoga 56. Jimbo likatunga kanuni mpya za kuwatunza, baada ya kaburi kufukuliwa.

Katika banda moja nililosaidia kwa wiki mbili, ambalo sitalitaja, kulikuwa na dume kijana asiyetaka kuvuta. Kamba yake ililegea kila siku. Hakupigwa hata kidogo, nalisema hilo kwa haki. Asubuhi moja nikakuta nguzo yake haina mnyororo. Nikauliza, nikajibiwa amepata nyumba. Sikuonyeshwa nyumba hiyo, na mimi nilikuwa mgeni wa kulipwa kwa saa, sikuuliza mara ya pili. Hilo linanisumbua kuliko mbio zote nilizoziona.

Kwa hiyo, Mhariri, mwenzangu akitaka kuandika tena, asiulize kama wanapenda kukimbia, hilo ni jepesi. Aulize mbwa asiyependa anapelekwa wapi. Aulize mzee analala wapi, mnyororo una urefu gani, nani anasema basi.

Shangazi alistaafu nami nilipoacha kazi. Tajiri alinipa bure pamoja na gunia la chakula, na mke wangu, ambaye kwao mbwa haingii ndani, sasa anamwekea blanketi karibu na hita. Jumamosi tunakwenda dukani na sleji ndogo ya plastiki ya mtoto. Nikigusa tu mkanda uliotundikwa nyuma ya mlango anaanza kupiga mayowe, majirani wote wanajua tunatoka. Anavuta kwa nguvu hadi kwenye kisanduku cha barua cha nyumba ya nne. Hapo siku hizi anakaa chini. Mtoto anashuka, tunasubiri, na siku nyingine sleji narudi nikiivuta mimi.

Wenu,
Mzaliwa wa Mbulu, Fairbanks, Alaska