Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tanga: tunayemwona barabarani ni yule aliyekosa dawa

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

Assalaam alaykum. Nimeiandika barua hii hadharani, badala ya kuipeleka kimyakimya ofisini kwako, kwa sababu jambo lililonileta limefichwa mno ndani ya nyumba zetu hapa Tanga, na sikutaka nami nilifiche ndani ya bahasha. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Ngamiani. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, anaugua skizofrenia, ugonjwa wa akili, kwa mwaka wa 19 sasa. Jina lake silitaji, kwa kuwa ni lake na si langu, lakini ameridhia niandike. Nilimsomea barua hii yote kibarazani kabla ya kuituma, naye akanisahihisha mahali pawili, kama nitakavyoonyesha.

Ombi langu nalitaja mapema ili lisipotee katika maelezo. Naomba wagonjwa wa skizofrenia wapate dawa zao katika zahanati na vituo vya afya vilivyo karibu na kwao, mwezi kwa mwezi bila kukatika, na awepo mtu wa kuwafuata nyumbani wanapokosa kufika. Mengine yote nitakayoyasema, hata yale yanayohusu maneno na imani za watu, yanarudi hapo.

Mdogo wangu alikuwa na miaka 22, fundi baiskeli mwenye wateja wengi, ugonjwa ulipomwingia. Haukuanza kwa fujo kama watu wanavyodhani. Ulianza kwa ukimya. Karibu mwaka mzima alikuwa akijitenga: haogi mpaka akumbushwe, baiskeli ya mteja inakaa wiki mbili bila kuguswa, chakula anakila akiwa ameugeukia ukuta. Mama aliuita uvivu, mimi nikauita kiburi, kaka yetu mkubwa akasema ni bangi. Leo najua kwamba kupoa kwa namna ile, mtu akapungukiwa na ari, na hisia, na hamu ya kukaa na wenzake, ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na mara nyingi hutangulia zile dalili zinazowashtua majirani. Najua pia kwamba skizofrenia huwapata watu wengi katika umri huohuo, mwishoni mwa ujana na ndani ya miaka ya ishirini, na kwamba kwa wanaume huwahi kidogo kuliko kwa wanawake. Wakati ule hatukuwa na neno hata moja la kuliita lile tulilokuwa tunaliona.

Kisha zikaja sauti. Wanaume wawili walikuwa wakimjadili usiku kucha, mmoja akimtukana na mwingine akimcheka. Redio ya mama aliifunika kwa kanga kwa sababu aliamini kwamba mtangazaji anayasoma mawazo yake hewani na mji mzima unasikia. Hapa ndipo aliponisahihisha mara ya kwanza. Nilikuwa nimeandika kwamba alidhani anasikia sauti. Akaniambia, "Dada, usiandike nilidhani. Nilisikia. Zilitoka darini, kama unavyonisikia mimi sasa." Nimeifuta sentensi ile, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kusema kweli. Ubongo wa mgonjwa huzitengeneza sauti hizo na kumfikishia kama zimetoka nje, na ndiyo maana maneno yetu ya kumwambia aache kusikiliza upuuzi hayakumsaidia hata siku moja, ila yalimfundisha kutotuambia tena.

Tulifanya yale ambayo familia nyingi za pwani hufanya. Alisomewa Kurani, akanyweshwa kombe, yaani maji yaliyooshea aya zilizoandikwa, akafukizwa ubani. Hali ilipokosa kutulia, tukaambiwa katupiwa jini na mtu aliyemwonea wivu kwa kazi yake, tukampeleka kwa mganga nje ya mji, na huko alikaa miezi minne akiwa amefungwa mnyororo mguuni. Mama aliuza minazi yake 11 kulipia uganga ule. Alama ya mnyororo bado ipo juu ya kifundo cha mguu wa kushoto. Kutoka dalili ya kwanza hadi siku alipoonwa na mtu aliyesomea maradhi ya akili ilipita miaka miwili na ushei, na wataalamu wanatuambia kwamba kadiri mtu anavyokaa na ugonjwa huu bila tiba ndivyo kurejea katika hali yake kunavyokuwa kugumu. Simlaumu ustadhi aliyemsomea Kurani ndugu yangu. Kisomo kinaendelea nyumbani kwetu hadi leo na kinamtuliza. Ninachokijutia ni kwamba hakuna hata mmoja, katika wote tuliowapitia, aliyejua kutuambia kwamba kisomo na sindano ya hospitali vinaweza kwenda pamoja.

Niseme machache kuhusu ugonjwa wenyewe, kwa ajili ya wengine watakaosoma. Jina skizofrenia lilianza kutumiwa mwaka 1908 na daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, kwa kuunganisha maneno ya Kigiriki yenye maana ya kupasuka na akili. Jina hilo limewapoteza wengi, wakaamini kwamba mgonjwa ni watu wawili ndani ya mwili mmoja. Sivyo. Bleuler alikusudia kwamba mawazo, hisia na matendo ya mgonjwa huachana badala ya kwenda pamoja. Wajapani waliona jina la namna hiyo linawaumiza wagonjwa wao, na mwaka 2002 wakalibadilisha rasmi. Sisi tuna maneno makali zaidi, kichaa, chizi, mwehu, punguani, nayo tunayatumia hata kwa mtu aliyevaa viatu visivyolingana.

Ugonjwa huu una asili yake katika ubongo, hasa katika namna kemikali iitwayo dopamini inavyofanya kazi, na kurithi kuna sehemu yake. Hata hivyo sehemu hiyo haifiki pale inapofikishwa na wapelelezi wa posa. Mtoto ambaye mzazi wake mmoja ana skizofrenia ana uwezekano wa takriban 10 katika 100 wa kuupata, maana yake tisa katika kila kumi hawaupati. Na hata kwa pacha wa kufanana, mmoja akiugua, mwenzake huugua katika visa visivyozidi nusu. Binti wa kaka yangu alirudishiwa posa kwa sababu ya baba yake mdogo. Aliyeleta ujumbe alisema, kwa adabu zote, kwamba ukoo wetu una wazimu. Binti yule ana akili timamu na elimu yake, na aliyapokea maneno yale akiwa ndani ya chumba cha bibi yake, akiwa tayari amepakwa hina.

Dawa zipo, na si mpya. Ya kwanza, klopromazini, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili jijini Paris mwaka 1952. Baadaye zikaja nyingine, na zikaja sindano zinazokaa mwilini wiki kadhaa ili mgonjwa asihangaike na vidonge kila siku. Ndugu yangu alipopata sindano ya namna hiyo, sauti hazikunyamaza siku ileile, ila zilikuwa zikienda mbali, kama watu wanaozungumza nyumba ya tatu, na baada ya wiki kadhaa akaanza kuuliza zilipo spana zake.

Katika siku za mwanzo, hata hivyo, palitokea jambo lililotaka kuharibu kila kitu. Jioni moja shingo yake ilipinda upande, taya likakaza, macho yakapanda juu. Shangazi alipiga kelele kwamba jini limekataa dawa. Yalikuwa madhara ya dawa, yanayojulikana vizuri, na yanayoondoka haraka mgonjwa akipewa dawa nyingine ya kuilegeza misuli. Lakini pale tulipochomewa sindano hakuna aliyetutahadharisha, na wiki tatu tulikataa kumrudisha. Dakika tano za maelezo zingetosha. Naomba wahudumu wako wazitoe dakika hizo kwa kila familia, wakitaja kukaza misuli, kutotulia miguu, usingizi na kunenepa, kwa kuwa mtu akishaambiwa mapema huvumilia na kurudi kuuliza, na asipoambiwa hurudi kwa mganga.

Baada ya hapo mdogo wangu alifanya kazi miaka sita bila kuanguka. Sahihisho lake la pili lipo hapa, maana nilikuwa nimeandika kwamba alipona. Alisema, "Sijapona, nimetulia. Ukiandika nimepona watauliza kwa nini bado nachomwa sindano." Basi alitulia. Wateja walileta baiskeli zao, wakabishana naye bei, wakakaa naye kwenye benchi wakimsubiri, na wengi wao hawakujua kabisa kwamba fundi wao ana ugonjwa wa akili, kwa sababu hapakuwa na cha kuona.

Kisha sindano ikakosekana. Mwezi wa kwanza tuliambiwa turudi wiki ijayo, mwezi wa pili tukaambiwa tukanunue, na tulipopata fedha ya kununua alikuwa ameshaacha kukubali kwamba anaumwa, jambo ambalo nalo ni sehemu ya ugonjwa. Wiki ya nane alikuwa akitembea usiku bila viatu katika barabara za namba za Ngamiani. Watoto walimfuata wakiimba chizi, vijana wakampiga picha kwa simu, na usiku mmoja alipigwa akidhaniwa mwizi hadi akavunjika jino. Watu wanawaogopa wagonjwa hawa kwa kudhani ni wakatili, na hali wao ndio wanaodhuriwa na watu mara nyingi zaidi kuliko wanavyodhuru. Miongoni mwa waliomcheka walikuwamo wateja wake wa benchi.

Ndugu Mganga Mkuu, nimelifikiria jambo hili kwa miaka, na hapa ndipo fikra zangu zilipofika. Jamii haimwoni mgonjwa wa skizofrenia aliyepata dawa, kwa sababu yeye anauza samaki, anafunga spoki, anaswali safu ya pili. Inamwona yule aliyekosa dawa peke yake, na kutokana na huyo inajifunza skizofrenia ni nini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba mtu 1 katika kila 300 ana ugonjwa huu, jumla ya watu wapatao milioni 24 duniani. Mkoa wetu una watu zaidi ya milioni 2.6 kwa sensa ya 2022. Kwa hesabu yangu ya ualimu, ambayo si utafiti, ni zaidi ya watu 8,000 kutoka Mkinga hadi Kilindi. Wale tunaowaona sokoni na stendi hawafiki hata sehemu ndogo ya idadi hiyo. Wengine wako wapi? Baadhi wametulia kwa dawa na wanajificha wasijulikane, na baadhi wamefungiwa vyumba vya uani. Kwa hiyo semina za kubadili mtazamo wa jamii, ambazo naziunga mkono na huzisikia kila Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani, inapokaribia, zitakuwa zinashindana na macho ya watu maadamu dawa inakatika.

Mkoa huu si mgeni wa kazi hii. Lutindi, juu milimani wilayani Korogwe, mahali palipoanzishwa kuwahifadhi watoto waliokombolewa utumwani, pamekuwa pakipokea wagonjwa wa akili kwa zaidi ya miaka 100, na wagonjwa wa pale hushika jembe na kufanya kazi za mikono kama sehemu ya tiba. Taifa nalo lilikwishajaribu, katika miaka ya 1980, kuipeleka huduma ya akili hadi ngazi ya zahanati katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro. Tunayo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Katiba yetu, ibara ya 12, inasema kwamba kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Lakini Lutindi ni mbali kwa mama wa Moa au wa Kipumbwi anayemshika mwanawe mkono ndani ya basi huku abiria wakihama viti, na hospitali ya mjini nayo ni mbali kwa nauli yake.

Kwa hiyo kila zahanati iwe na akiba ya sindano na vidonge vya miezi miwili mbele, ili shehena ikichelewa mgonjwa asihisi. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao tayari wanawafuatilia wajawazito nyumba kwa nyumba, wapewe pia orodha ya wenye kadi za kliniki ya akili, kwa siri inayostahili, wajue nani hakufika. Na uwaite waganga wa tiba asili, ambao wanatambuliwa na sheria ya mwaka 2002, pamoja na masheikh na wachungaji, uzungumze nao wewe mwenyewe. Wao ndio mlango wa kwanza, nasi wote tulipitia kwao kabla ya kufika kwako. Usiwaombe waache kazi yao. Waombe mambo mawili: wasimfunge mtu mnyororo, na wasimwambie mgonjwa aache dawa ya hospitali. Lau mganga wetu angetuambia siku ya kwanza, "Mpelekeni pia hospitali," tungemtii kuliko tulivyowahi kumtii daktari yeyote.

Sindano inayofuata ya mdogo wangu ni wiki ya mwisho ya mwezi huu. Nimekwishaulizia mara mbili kama ipo, na nimejibiwa nije siku yenyewe. Nitakwenda naye, na ikipatikana au isipatikane nitakuandikia tena.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga.