Msimwandike Tony Dungy bila Tampa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu makala mliyochapisha kuhusu makocha wa futiboli ya Kimarekani waliotwaa taji la Super Bowl, yaani fainali ya ligi ya NFL. Mwandishi wenu amemsifu Tony Dungy, na anastahili. Lakini misimu yake sita ya hapa Tampa ameimaliza kwa sentensi moja: alikuja, akashindwa kufika fainali, akatimuliwa, kisha akaenda Indianapolis akamkuta mrusha pasi hodari Peyton Manning na mambo yakamnyookea. Hadithi hii nimeisikia mno, hata kwa watu wa mji huu ambao walishuhudia mambo kwa macho yao, na inaniuma kila inaporudiwa. Kazi kubwa kuliko zote aliyoifanya Dungy akiwa kocha aliifanyia klabu iliyomfukuza.

Wasomaji wako wengi wanaijua familia ya Glazer kwa sababu ya Manchester United. Miaka kumi kabla ya kuichukua timu hiyo, mzee Malcolm Glazer aliinunua Tampa Bay Buccaneers, mwaka 1995, na alichonunua kilikuwa kichekesho cha ligi nzima. Buccaneers walianza kucheza mwaka 1976 wakapoteza mechi zao 26 za kwanza mfululizo. Kuanzia 1983 hadi 1995 walimaliza misimu 13 bila kuwa hata na mmoja ambao mechi walizoshinda zilizidi walizopoteza. Mmiliki alikuwa akidai uwanja mpya, na mji mzima ulikuwa na hofu kwamba timu itahamishwa. Alipotafuta kocha, aliwaendea kwanza watu wenye majina makubwa, wakakataa. Ndipo Januari 1996 kazi ikamfikia Dungy, mtu mwenye umri wa miaka 40, mpole wa sauti, ambaye hakuwahi kuwa kocha mkuu mahali popote.

Huyu hakuwa mgeni wa mchezo. Alizaliwa Jackson, Michigan, mwaka 1955, katika nyumba ya walimu: baba alifundisha sayansi chuoni, mama alifundisha Kiingereza sekondari. Chuo Kikuu cha Minnesota alikuwa kwotabeki, yule anayerusha pasi na kuongoza mashambulizi. Mwaka 1977 hakuna klabu iliyomchagua. Pittsburgh Steelers walimpokea wakamgeuza kuwa beki wa nyuma, na msimu wa 1978 akaongoza timu kwa kunasa pasi 6 za wapinzani, kisha akavaa pete ya ubingwa Januari 1979. Kuna mechi moja ya 1977 dhidi ya Houston Oilers ambayo mashabiki wa Pittsburgh bado wanaisimulia: makwotabeki wote wawili waliumia, Dungy akasukumwa kushika nafasi ile ya zamani, na siku hiyo hiyo akawa amenasa pasi ya wapinzani na yeye mwenyewe amenaswa pasi. Mtu aliyeuona uwanja kutoka pande zote mbili namna hiyo si ajabu kwamba akiwa na miaka 25 tayari alikuwa msaidizi wa kocha Chuck Noll, na akiwa na miaka 28, mwaka 1984, alikabidhiwa safu yote ya ulinzi ya Steelers.

Kisha akasubiri miaka kumi na miwili. Hapo lazima tuseme wazi. Baada ya Fritz Pollard wa miaka ya 1920, ligi hii haikuwa na kocha mkuu mweusi hata mmoja mpaka Art Shell alipopewa Raiders mwaka 1989. Dungy, naye mweusi, aliitwa kwenye usaili, akasifiwa, akarudishwa nyumbani. Alikwenda Kansas City kufundisha mabeki, akaenda Minnesota kusimamia ulinzi chini ya Dennis Green. Alipofika Tampa alikuwa wa nne tu tangu ligi ivunje ukimya huo, baada ya Shell, Green na Ray Rhodes.

Na mwanzo wake ulikuwa mbaya. Katika mechi tisa za kwanza za 1996 alishinda moja. Redio za hapa zilimchana. Waliosema mtu asiyefoka hawezi kuongoza wanaume wa futiboli walipata ushahidi waliokuwa wakiutafuta. Yeye hakubadilisha chochote. Hakuanza kupiga kelele, hakutupa mfumo wake, hakumtoa mchezaji kafara mbele ya waandishi. Novemba mwaka huo walikwenda San Diego, wakajikuta nyuma 14 kwa 0, wakashinda 25 kwa 17. Walishinda mechi tano kati ya saba za mwisho, na msimu uliofuata, 1997, wakaingia hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu 1982.

Mfumo wenyewe leo unajulikana kote kwa jina la mji huu, Tampa 2, ingawa mizizi yake iko Pittsburgh ya miaka ya 1970. Dungy na msaidizi wake Monte Kiffin waliupanga hivi: mabeki wawili wa nyuma wanagawana kina cha uwanja nusu kwa nusu, mlinzi wa kati anarudi mbio kuziba pengo lililo baina yao, na wanne wa mbele wanatakiwa wamfikie kwotabeki wenyewe, bila kuongezewa mtu. Hakuna ujanja uliofichwa ndani yake. Mpinzani anajua utafanya nini. Kinachohitajika ni kasi, nidhamu na kurudia jambo lile lile mazoezini mpaka mwili ulifanye wenyewe. Warren Sapp, Derrick Brooks na John Lynch walikuwepo kabla yake, ni kweli, lakini klabu ilikuwa ikiendelea kupoteza wakiwemo. Ronde Barber aliletwa mwaka 1997. Wote wanne leo wamo katika Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huu.

Januari 2000 walicheza kuwania nafasi ya kwenda Super Bowl ugenini St. Louis, dhidi ya Rams wa kwotabeki Kurt Warner waliokuwa wamefunga pointi 526 msimu ule. Rams waliondoka na pointi 11. Tampa walikuwa na 6, na katika dakika ya mwisho mchezaji wetu Bert Emanuel aliudaka mpira ambao waamuzi waliukataa baada ya kutazama marudio, kwa kuwa ncha yake iligusa nyasi. Baadaye ligi ilifafanua sheria, na udakaji kama ule leo unakubaliwa. Bado unatuuma watu wa hapa.

Sitaki kuficha udhaifu. Ushambuliaji wa Dungy hapa Tampa ulikuwa butu. Katika mechi tatu za mtoano alizopoteza mwisho, ile ya Rams na mbili dhidi ya Philadelphia, timu yake haikufunga tachidauni hata moja, yaani haikuufikisha mpira mwisho wa uwanja wa mpinzani. Pointi zote zilitokana na mikwaju. Mmiliki aliyeona hivyo miaka mitatu mfululizo alikuwa na haki ya kuuliza maswali. Lakini Januari 2002 alimfuta kazi mtu aliyeshinda mechi 54 za msimu wa kawaida na kupoteza 42, aliyeingia mtoano mara nne katika misimu sita, katika klabu ambayo kabla yake ilikuwa imeingia mara tatu tu tangu izaliwe. Kisha klabu ikailipa Oakland Raiders dola milioni 8 pamoja na haki za kuchagua wachezaji chipukizi, mbili za raundi ya kwanza na mbili za raundi ya pili, ili kumpata kocha wao Jon Gruden.

Mwaka mmoja baadaye, Januari 2003, Buccaneers wakawa mabingwa kwa kuichapa Oakland hiyo hiyo 48 kwa 21. Gruden aliuamsha ushambuliaji, simnyimi haki yake. Ila someni mechi ile ilivyokwisha: walinzi walinasa pasi tano, na tatu kati ya hizo walizirudisha mpaka mwisho wa uwanja kuwa tachidauni. Kiffin alikuwa bado yupo. Brooks, Sapp, Lynch na Barber walikuwa bado wapo. Mfumo ulikuwa ule ule.

Indianapolis sitakaa sana, maana mwandishi wenu ameieleza vya kutosha. Nitaongeza jambo moja aliloliruka. Msimu mmoja kabla ya Dungy, Manning akiwepo, Colts, timu ya huko, walifungwa pointi 486, nyingi kuliko timu yoyote ya ligi, wakamaliza na ushindi 6. Msimu wa kwanza wa Dungy pointi hizo zilishuka hadi 313, na tangu hapo hakukosa mtoano hata mwaka mmoja mpaka alipostaafu. Kwa hiyo hata huko, alichobeba mkononi kilitoka Tampa.

Sasa tazameni benchi lake la ufundi la hapa, kwa sababu hapo ndipo makala yenu ilipopungukiwa zaidi. Herm Edwards alitoka akawa kocha mkuu wa New York Jets. Rod Marinelli akawa kocha mkuu wa Detroit. Lovie Smith, aliyefundisha walinzi wa kati, akapewa Chicago Bears. Mike Tomlin, kijana aliyeajiriwa na Dungy mwaka 2001 kufundisha mabeki, akapewa Pittsburgh. Tarehe 4 Februari 2007, mvua ikinyesha Miami, Dungy na Lovie Smith walisimama kila mmoja upande wake wa uwanja, makocha wakuu weusi wa kwanza kufika Super Bowl, na wote wawili walikuwa wametoka ofisi moja ya mji huu. Dungy alishinda 29 kwa 17. Miaka miwili baadaye Tomlin naye akatwaa taji, na fainali hiyo ilichezwa katika uwanja wa hapa hapa Tampa.

Kuna na jingine. Januari ile ya 2002 alipofukuzwa Dungy, Dennis Green naye alifukuzwa na Minnesota. Mawakili Johnnie Cochran na Cyrus Mehri waliandika ripoti mwaka huo wakionyesha jinsi makocha weusi wanavyochelewa kuajiriwa na kuwahi kufukuzwa, na mwaka 2003 ligi ikapitisha kanuni ya Rooney iliyoilazimu klabu kumhoji angalau mtu mmoja wa jamii ya wachache kabla ya kuajiri kocha mkuu. Mwaka uliofuata Lovie Smith akapewa Chicago. Unapoandika kwamba Dungy alitimuliwa Tampa ukaishia hapo, msomaji hawezi kujua kwamba kutimuliwa huko kulichangia kubadili utaratibu wa ligi nzima.

Dungy mwenyewe aliendelea kuiona Tampa kuwa nyumbani. Alipostaafu Januari 2009 alirudi kuishi huku na familia yake. Mwaka 2016 aliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa, na Septemba 2018 Buccaneers wakaliweka jina lake miongoni mwa majina ya heshima uwanjani, usiku ambao wageni walikuwa Steelers, klabu iliyomfunza kazi. Familia ile ile ya Glazer ndiyo iliyomwalika.

Nakuomba, Mhariri, mwandishi wako airudie habari hii aiandike upya, na safari hii ushindi ule 54 wa hapa ausimulie pamoja na 85 za Indianapolis.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Tampa, Florida