Shilingi 30,000, amplifaya tatu: ipi itanipa sauti iliyoshiba?

Kwa mshauri wa vyombo vya muziki,

Salamu nyingi. Nina shilingi 30,000 na jozi ya spika ambazo sitazibadilisha. Natafuta amplifaya ya stirio yenye sauti iliyoshiba: besi nene isiyovuma ovyo, mwimbaji aliye karibu, gitaa lisilochoma masikio. Nasikiliza rumba na zilizopendwa, mara nyingi kwenye santuri na mara chache kutoka kwenye simu. Rekodi za benga za miaka ya 1970, kama zile za Shirati Jazz, zina gitaa kali linalopaa juu ya kila kitu. Amplifaya ambayo nayo ni kali ikizipiga, huwezi kumaliza upande mmoja wa santuri.

Spika ni za kuweka kwenye rafu, woofa ya inchi 6 na twita moja, omu 6 (kipimo cha ukinzani wa umeme), desibeli 86 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati 1 ukiwa umbali wa mita 1. Karatasi ya mtengenezaji inaonyesha kuwa hizo omu 6 ni za wastani tu: zinashuka hadi 4 karibu na hezi 200, zinapanda hadi 20 karibu na hezi 70, na kupanda tena karibu na hezi 2,000 ambapo woofa inaiachia twita kazi. Naomba uukumbuke mlima huo wa pili, maana ndio unaonitatiza zaidi hapa chini. Sebule ni mita 3.5 kwa 4, sakafu ya vigae, dirisha kubwa la vioo. Najua chumba cha vigae huifanya amplifaya yoyote isikike kali, na ndiyo sababu zulia nene na pazia zito viko tayari. Kwa hiyo nakusihi jibu lisiishie hapo.

Nguvu si tatizo. Nikikaa mita 2.5 kutoka kwa spika, wati 1 kwa kila spika inanipa takriban desibeli 83, kwa sababu spika mbili zinaongeza 3 na umbali, ndani ya chumba kinachorudisha sauti, unapunguza kama 6. Vilele vya desibeli 90, ambavyo kwa majirani wa ghorofa ni vingi tayari, vinataka wati 5 tu. Vilele vya 95 vinataka wati 16. Kila ukitaka desibeli 3 zaidi, wati zinaongezeka maradufu. Zile "wati 1000" zilizoandikwa kwenye maboksi ya Luthuli Avenue hazinihusu. 20 za kweli zinanitosha.

Chaguo la kwanza ni NAD 3020 ya mtumba iliyoko kwa fundi mmoja River Road, bei 21,000. Ni ile iliyotoka mwaka 1978, kazi ya Erik Edvardsen, wati 20 kwa kila upande lakini yenye uwezo wa kusukuma spika za omu ndogo bila kulemewa. Ilitoka Uingereza, kwa hiyo ni ya volti 240. Kulikuwa na Sansui nzuri ya Japani kando yake, lakini ile ni ya volti 100: ukiichomeka ukutani hapa inaungua papo hapo, na transfoma ya kushusha volti yenye uwezo wa kutosha ingekula bajeti.

Imepimwa kabla ya kulipiwa. Kwanza iliwashwa ikiwa imeunganishwa kwa mfululizo na balbu ya wati 60, ile ya uzi, si LED. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani kuna shoti. Ikimulika kidogo kisha ififie, unaweza kuendelea. Ilififia. Kisha, spika zikiwa zimetolewa na volyumu ikiwa sifuri, multimita iliwekwa kwenye milivolti za DC (umeme usiobadili mwelekeo), ncha mbili kwenye soketi za spika. Chini ya milivolti 50 ni salama. Ikipita 100 fundi aifungue. Ikiwa volti kadhaa, woofa itaungua. Kushoto palisoma 22 na pakatulia. Kulia palianza na 40, na dakika 10 baadaye palikuwa 85 na bado panapanda polepole.

Kasoro ya pili: chaneli ya kulia hukatika sauti ikiwa ndogo, na volyumu inakwaruza. Fundi anasema transista za nguvu zimechoka. Mimi nina shaka. Nyuma ya 3020 kuna vipande vya chuma vyenye umbo la U vinavyounganisha sehemu ya kwanza ya amplifaya na sehemu ya nguvu. Vikishika kutu au vikilegea, chaneli moja hukatika hivyohivyo, na dawa yake ni kuvisugua na kupuliza dawa ya kusafishia swichi. WD-40 ya kawaida isitumike, maana huacha mafuta yanayokamata vumbi. Transista zake ni 2N3055 na MJ2955, na zinapatikana mjini, ila bandia ni nyingi mno. Kuing'oa ya asili iliyo nzima na kuweka bandia ni kuiua amplifaya polepole.

Fundi anataka 6,000 zaidi abadilishe kapasita zote, vile vijenzi vinavyohifadhi umeme na hukauka kwa umri. Wapo wanaodai kapasita mpya huondoa utamu wa chombo cha zamani. Siamini. Nadhani utamu wa 3020 unatokana na kichujio kinachokata masafa ya juu sana mlangoni mwa sehemu ya nguvu, na ile swichi ya nyuma inayolainisha mkato wa sauti amplifaya inapozidiwa, na wala si kapasita zilizokauka. Lakini jumla inakuwa 27,000, na elfu tatu zilizobaki ni za kinga ya spika na kifaa cha kulinda friji, ili stima ikirudi kwa kishindo isipige chombo moja kwa moja.

Jambo moja dogo la kiufundi kwa anayefikiria chombo cha umri huu: milango yake ya kuingizia sauti inatosheka na milivolti 150 hivi, ilhali vifaa vya leo vinavyotoa muziki wa dijitali hutoa hadi volti 2. Matokeo yake volyumu inafika juu ikigeuzwa kidogo tu, na pale mwanzoni pande mbili huwa hazilingani. Resista mbili kwa kila chaneli zinamaliza hilo: kiloomu 10 kwenye njia ya sauti, kisha kiloomu 2.2 kwenda ardhini. Inapunguza desibeli 15 hivi. Santuri haihitaji hili, ina mlango wake.

Chaguo la pili ni amplifaya mpya ya klasi D (aina ambayo transista zake huwaka na kuzima kwa kasi kubwa) yenye chipu ya TPA3116, 9,000 pamoja na adapta ya volti 24. Ni ndogo, haipati moto, na wati zake zinazidi mahitaji. Shida ni kwamba kichujio chake cha kutokea kimepigiwa hesabu ya mzigo mmoja, na twita ambayo omu zake hupanda juu hupata trebo ya ziada, kitu nisichokitaka. Haina vitufe vya toni wala mlango wa santuri, hivyo lazima ninunue kifaa cha kati cha kukuza sauti ya santuri. (Akiichukua mtu mwingine: nyaya nyeusi za spika mbili zisiunganishwe kamwe, kwa sababu upande huo nao una umeme wa sauti, si ardhi.)

Chaguo la tatu ni amplifaya ya valvu (zile taa za kioo zilizotumika kabla ya transista) za EL84, mtumba, 30,000 kamili. Nazungumzia ya kweli yenye transfoma nzito za kutokea. Zile ndogo zenye valvu mbili mbele na chipu ndani siziweki kwenye hesabu. Nyingi hata ule mwanga wa chungwa unatoka kwa LED iliyo chini ya valvu. Sasa hapa ndipo ule mlima wa hezi 2,000 unaponikwaza. Tuseme amplifaya hii ina ukinzani wa omu 2 pale inapotokea. Spika ikiwa omu 4 inapoteza desibeli 3.5, ikiwa omu 20 inapoteza 0.8. Tofauti ya karibu 2.7 inafuata umbo la milima ya spika. Kwenye hezi 70 nitapata besi nene ninayoitamani. Kwenye hezi 2,000 gitaa litasogea mbele, palepale linapouma. Isitoshe ndani kuna volti 300 zinazobaki kwenye kapasita hata baada ya kuzima, na sitabaki na senti ya valvu za akiba.

Moyo wangu uko kwa 3020. Kabla sijalipa, naomba unisaidie kwa haya. Milivolti 85 zinazopanda na joto upande mmoja zinaashiria nini: jozi ya transista za mlangoni zisizolingana tena, kapasita inayovujisha, au solda iliyopasuka karibu na resista zinazopata moto? Je, nibadilishe kapasita zote kwa mkupuo, au nianze na zile za njia ya sauti na ndogo za sehemu ya umeme, zile kubwa mbili ziachwe zikipimwa na kuonekana nzima? Na ikiwa utanishauri niiache na nichukue ile ya klasi D, kuna anayependekeza resista ya omu 1, wati 10, kwa mfululizo na kila spika ili kuiga valvu. Kwa hesabu yangu inaleta tofauti ya desibeli 1.5 kati ya omu 4 na 20. Kwa spika hizi zenye mlima kwenye hezi 2,000, itashibisha besi au itazidisha makali ya gitaa?

Fundi ameniwekea chombo hadi mwisho wa mwezi.

Wako,
Msomaji wa South B, Nairobi