Vimondo juu ya Menengai

Kiamunyi, Nakuru
Desemba 15, 2023

Mpendwa Akinyi,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi sote wazima, ila leo nimeshinda nikisinzia, na nataka kukueleza kwa nini.

Jana usiku niliona vimondo 71. Nilivihesabu kimoja kimoja, nimelala chali juu ya turubai nyuma ya nyumba, nimejifunika blanketi mbili, tangu saa nne hadi saa nane. Unajua mvua za El Niño zilivyotunyeshea tangu Oktoba. Jioni mbingu zilikuwa zimefunga kabisa nikakata tamaa. Ilipogonga saa tatu upepo ukayasukuma mawingu upande wa ziwani. Mwezi ndio kwanza umeandama, kwa hiyo ulishazama mapema. Jirani nilimwomba azime taa yake ya nje, akaizima bila swali, Mungu ambariki. Ikabaki taa ya mulika mwizi ya barabarani, nikajikinga nayo nyuma ya tangi la maji. Simu niliiacha ndani, maana macho huchukua kama nusu saa kuzoea giza, na ukiitazama mara moja tu unaanza upya.

Ni vimondo vya Mapacha, kwa kuwa vyote huonekana kutokea kwenye kundinyota hilo. Kwetu siku hizi Mapacha huchomoza saa mbili na nusu hivi usiku, upande wa Menengai kabisa. Saa sita kasorobo kimoja kilitoka huko juu ya mlima, cha manjano kama ndimu iliyoiva, kikakata anga hadi karibu na nyota za Kilimia. Mama alikuwa mlangoni na chai yake. Akasema, “Yesu wangu!” akaja akalala kando yangu, na hakurudi ndani tena.

Hapo nikakukumbuka. Ile alfajiri ya Kidato cha Pili, tukielekea darasani, kimondo kilipopita juu ya bweni ukaketi chini ukalia, kwa sababu babu yako alikuwa amelazwa na sote tulilelewa tukiambiwa nyota ikianguka kuna mtu amekata roho. Sikuwa na neno la kukupa. Babu alipona, lakini wiki ile ulivyokuwa huli sijaisahau.

Neno ninalo sasa, Akinyi. Hakuna nyota iliyoanguka. Hivi vya jana ni punje tu, nyingi ndogo kama changarawe, zilizobanduka kwenye mwamba uitwao Phaethon, wenye upana wa kilomita tano hivi, uliogunduliwa kwa setilaiti mwaka 1983. Mwamba huo hulikaribia Jua kuliko hata sayari ya Zebaki, na njia yake imejaa vumbi. Kila Desemba Dunia yetu hupita katikati ya vumbi hilo. Punje huingia angani kwa kilomita 35 kila sekunde, yaani barabara yote ya Nakuru hadi kwako Kisumu kwa sekunde tano au sita, zikaungua juu sana kabla hazijamgusa mtu. Kile chako hakikuwa cha kundi hili, Desemba tulikuwa tumefunga shule, lakini nacho kilikuwa kipande cha vumbi kikiungua. Hakikujua babu yako ni nani.

Mwakani mwezi mpevu utaangukia Desemba 15, nao utatufichia vingi. Mama anasema uje hivyo hivyo, vile vikubwa vitaonekana tu. Shuka yako ameshaitenga.

Wako,
Wanjiru