Ubuyu wa Kelele

Mikindani, Mtwara

Shoga yangu,

Salamu kwako na kwa wote hapo Lindi. Barua yako nimeipata. Unasema mwanao wa miaka minne anang'ata wenzake, na dukani anagaragara mpaka anunuliwe ubuyu, na mama mkwe kashatoa dawa: fimbo. Sikubaliani naye, ila usimwambie nimesema.

Mtaani kwetu tuna kikundi cha malezi, tunakutana barazani kila wiki. Nilidhani tutahubiriwa, kumbe ni mazoezi. Siku ya somo la kugaragara, babu mmoja muuza ming'oko alijitolea kuwa mtoto. Akajitupa mkekani, kofia huko, miguu juu, analilia ubuyu! Binti aliyeigiza mama kicheko kikamshinda, akampa. Mwezeshaji akauliza: hapo nani kafaidika? Wote wawili. Mtoto kapata ubuyu, mama kapata kimya, na kesho kila mmoja atarudia kilichomfaa jana. Akatuambia huko Oregon, Marekani, mtaalamu Gerald Patterson na wenzake walikuwa wakienda majumbani kwa watu, wanaandika kila kinachopita kati ya mzazi na mtoto, wakaona ukorofi hukuzwa na vijambo vidogo kama hivyo.

Kwa hiyo akilia, ubuyu hapati. Kama hamdhuru mtu, geuza uso, endelea na shughuli zako. Akitulia tu, mgeukie uzungumze naye. Siku za mwanzo kelele zitapanda kwanza, anajaribu kama mlango wa zamani bado unafunguka. Wengi hukatia tamaa hapo, na ukimpa wakati amepandisha kabisa, umemfundisha kupandisha. Kung'ata usikupuuze. Mtoe mchezoni papo hapo, maneno machache, akae pembeni dakika chache, kisha arudi.

Mimi kinachonipa taabu ni kusifu, maana sisi tulikua ukifanya vizuri watu kimya, ukikosea mtaa mzima unasikia. Na sifa yenyewe itaje jambo: "Umemwachia mwenzio mpira, vizuri sana." Amri nayo iwe fupi, badala ya "Acha!" sema "Weka bakuli chini." Halafu kila siku dakika kama kumi za kucheza naye, yeye ndiye aongoze, simu ikae mbali.

Muulize mhudumu wa afya wa jamii au afisa ustawi kama kwenu kuna kikundi. Mwaka 2021 serikali ilizindua programu ya taifa ya malezi na makuzi ya watoto wadogo, ile wanayoiita MMMAM, kwa hiyo hawatakushangaa. Na shemeji aende, hata kama msimu wa korosho umembana. Wewe ukinyima na yeye akimpa kwa siri, kazi bure. Bibi pia, ukiweza kumshawishi.

Nijibu upesi, unieleze shemeji kasemaje.

Mwenzio wa Mikindani