Salamu za Noeli na Bonane kutoka Idaho, na kumkumbuka mzee Sundown

Ndugu zangu wa Uvira na Bukavu, wa Bujumbura, wa Kigoma, na ninyi mliotawanyika huku ng'ambo: Noeli njema, na Bonane, yaani Mwaka Mpya, iwakute wazima. Wazee wangu, shikamooni. Wadogo zangu, nawakumbuka mmoja mmoja, hata wale ambao sijawahi kuwaona zaidi ya picha ya simu.

Huku theluji imeanza kuanguka tangu juzi. Bado nipo kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, si mbali na Twin Falls, zamu ya usiku. Ng'ombe wanaingia kukamuliwa kwa mistari, kila mmoja ana kibandiko cha njano sikioni, na kwenye kibandiko kuna namba. Yupo mmoja anayegoma kuingia mpaka umpapase ubavuni. Namba yake ni 4417. Mimi kimoyomoyo namwita Gaju, kwa sababu rangi yake ni ileile ya Gaju, ng'ombe wa babu.

Mnajua babu alifariki kambini, ukimbizini, wiki moja kabla ya Noeli. Basi kila Desemba ikifika, furaha yangu huja na yeye ndani yake. Huyu ni mtu aliyekuwa anaweka kiganja kwenye tumbo la ng'ombe mwenye mimba, anafumba macho, halafu anakuambia atazaa mwezi uko wapi angani. Kundi lote la ng'ombe wake lilichukuliwa usiku mmoja, na tangu usiku ule sikumwona tena akishika fimbo. Kambini alikuwa anakaa mlangoni, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kuitwa. Nilikuwa mtoto, nikadhani babu hana anachojua. Hilo linaniuma mpaka leo.

Mwaka huu nataka niwasimulie mzee mwingine, wa hukuhuku Idaho, aliyefariki naye Desemba. Nilipata habari zake nilipopita kaskazini kwa barabara ya 95, tukasimama juu ya bonde la White Bird kupumzika. Jina alilojulikana nalo ni Jackson Sundown. Alikuwa mtu wa kabila la Nez Perce, ambao wenyewe hujiita Nimiipuu, wenyeji wa nchi hii kabla ya mzungu yeyote kukanyaga. Jina lake la kwao hufasiriwa kama nchi iliyoachwa na jua linapozama. Mimi namwita babu, kwa desturi yetu, na sidhani angekataa.

Alizaliwa mwaka 1863. Mwaka huohuo serikali ya Marekani iliandikisha mkataba uliokata ardhi ya Nimiipuu mpaka ikabaki kama sehemu moja ya kumi, kwa sababu dhahabu ilikuwa imeonekana. Machifu wengi hawakutia saini. Mpaka leo wao huuita mkataba wa wizi. Chifu Joseph, ambaye Sundown alikuwa mpwa wake, alikaa na watu wake kwenye bonde la Wallowa, Oregon, mpaka 1877, walipopewa siku 30 wahame. Walivuka mto Snake ukiwa umefurika, na watoto, na wazee, na farasi na ng'ombe, na mifugo mingi ikachukuliwa na maji. Niliposoma hapo nilifunga simu nikatoka nje. Ninyi mliovuka mto Ruzizi usiku mnaelewa.

Vita na jeshi la Marekani vilianzia hapo White Bird, tarehe 17 Juni. Watu karibu 800, wengi wao wanawake, watoto na wazee, walitembea na kupigana kwa kilomita kama 1,900 wakielekea Kanada. Jeshi likawazingira Bear Paw, Montana, mpaka wa Kanada ukiwa umebaki kilomita zipatazo 65 tu. Joseph alisalimu amri tarehe 5 Oktoba. Kijana Sundown, miaka 14, hakukamatwa. Inasimuliwa kwamba alijibandika ubavuni mwa farasi, upande usioonekana na askari, farasi akaonekana kama anakimbia mtupu. Akafika Kanada, kwenye kambi ya Sitting Bull, chifu wa Lakota aliyekuwa naye amekimbilia huko.

Sasa sikilizeni alichokuja kukifanya na farasi.

Miaka ilipita, akarudi Marekani, akawa mfugaji wa farasi na mpandaji hodari. Kuna mchezo huku unaitwa rodeo: unakaa juu ya farasi asiyetaka kupandwa, anaruka, anajipinda, na wewe mkono mmoja uko hewani. Mashindano makubwa hufanyika kila Septemba huko Pendleton, Oregon, tangu 1910. Mwaka 1911 walibaki watatu kwenye fainali: John Spain, mzungu, George Fletcher, mtu mweusi, na Sundown. Waamuzi walimpa Spain. Watazamaji walikasirika, kwa macho yao Fletcher ndiye aliyepanda vizuri zaidi, na sherifu wa pale akachukua kofia ya Fletcher, akaikata vipande vidogo vidogo, akaviuza kwa watu ili mtu yule asiondoke mikono mitupu. Sundown alipewa nafasi ya tatu.

Aliendelea kurudi. Picha zake zipo, zitafuteni muwaonyeshe watoto: mtu mrefu, mwembamba, kofia pana, nywele ndefu zilizosukwa misuko miwili na kufungwa chini ya kidevu zisimpige usoni, na miguuni vazi la manyoya marefu ya mbuzi. Mwaka 1915 akawa wa tatu tena, akaamua basi, mwili umechoka. Mchongaji sanamu mmoja, Alexander Phimister Proctor, aliyekuwa anamtumia kama mfano wa kazi yake, ndiye aliyembembeleza ajaribu mara moja tu ya mwisho.

Basi Septemba 1916, ana miaka 53, akaingia uwanjani na vijana ambao angeweza kuwazaa. Farasi wa fainali aliitwa Angel, yaani Malaika, na hakuwa na tabia hiyo hata kidogo. Wanasema Sundown alivua kofia akawa anampepea nayo yule farasi huku akirushwa juu chini, na watu wote wakasimama. Safari hii waamuzi hawakuwa na pa kujificha. Akatangazwa bingwa, mwenyeji wa asili wa Marekani wa kwanza kutwaa taji lile.

Zawadi ilikuwa tandiko la thamani, lenye kibao cha fedha cha kuchongwa jina. Husimuliwa kwamba walimuuliza waandike jina gani, naye akataja la mkewe, Cecelia.

Hapo ndipo nilipomwona babu. Si kwa ushindi, babu hakushindania kitu. Ni kwa kujua kwamba walichukua bonde, wakachukua farasi wa ukoo, lakini ule ujuzi wa kumsoma mnyama ulikuwa umekaa kwenye magoti na viganja vya yule kijana, akavuka nao mpaka. Babu naye alivuka nao. Sisi tuliokuwa tunakaa naye mlangoni hatukumuuliza.

Sundown alifariki kwa homa ya mapafu Desemba 1923, siku chache kabla ya Noeli, kwenye shamba lao la Jacques Spur, karibu na Culdesac. Na Desemba 2020, ndugu zangu, Nimiipuu walinunua shamba la ekari 148 kulekule Wallowa walikofukuzwa. Julai iliyofuata waliingia kwa maandamano, wengi wao juu ya farasi, wazee mbele. Ni kipande kidogo, na wamekinunua kwa fedha zao wenyewe kitu kilichokuwa chao, na sitasema hiyo ni haki. Lakini nilipoona picha za wale bibi juu ya farasi, nililia.

Kwa hiyo salamu zangu mwaka huu zina ombi ndani yake. Wenye wazee majumbani, huko Uvira, huko kambini, au hapa kwenye ghorofa za Boise ambako mzee anashinda dirishani akitazama magari: mkishapakua wali na nyama siku ya Noeli, kaeni naye kwanza. Muulizeni kazi ya mikono yake. Mrekodini kwa simu.

Na wewe bibi yangu, najua watakusomea hii. Mkesha nipo zamu, natoka saa kumi na moja alfajiri, kwenu itakuwa saa nane mchana wa Noeli, nitapiga hapohapo. Nimewakumbuka watatu: Bihogo, Gaju, na Gitare. Yule wa nne, mwenye pembe iliyoinama, aliyekuwa anaongoza kundi mtoni, nimejaribu mwaka mzima jina lake halinijii. Uniambie.